Marahaba ya Jumla

Palikuwa na nchi. Nasema palikuwa kwa tahadhari tu, maana wenyeji wake wanadai bado ipo. Jina lake silitaji. Si kwamba naogopa, hata kidogo. Nimelisahau, na kila nikikaribia kulikumbuka mke wangu hunikumbusha kwamba tuna watoto.

Nchi hiyo ilikuwa na hori jembamba, mkono wa bahari, lililokatiza mji mkuu. Ng'ambo ya huku zilikaa wizara zote, ng'ambo ya kule uwanja wa ndege, na kwa kuwa viongozi wake walikuwa wachapakazi mno, hawakukaa nchini. Asubuhi na alasiri boti zao ziliruka juu ya maji kuwahi ndege. Katikati ya hori, penye majani mengi chini ya maji, waliishi nguva.

Nguva, kwa asiyemjua, ni mnyama mnene na mpole, mwenye uso wa shangazi aliyeamshwa usingizini. Hana pembe, hana mbio, hana ugomvi na mtu. Kazi yake ni kula majani na kupanda juu kila baada ya dakika chache kuvuta pumzi, na hapo juu ndipo panga za injini humkuta. Zamani walikuwa mia tatu. Taifa liliwapenda sana, likawachora kwenye stempu, kwenye noti na juu ya mlango wa Wizara. Kadiri picha zilivyoongezeka ndivyo wenyewe walivyopungua, hadi wakabaki wa kuhesabika kwa vidole, na katika hao jike mmoja tu aliyekuwa na ndama.

Ndipo ikatungwa Sheria ya Upole wa Majini: boti yoyote ipitayo horini isizidi kilomita nane kwa saa. Bunge liliipitisha asubuhi moja, likapiga makofi, likakimbilia boti kuwahi ndege. Mheshimiwa Daktari Kitwana Mawazo, Waziri wa Mwendo, Nguva na Mengineyo, alisimama mbele ya vipaza sauti sita.

"Ndugu wananchi," alisema, "kuanzia leo, nguva yeyote atakayegongwa, atakuwa amegongwa kinyume cha sheria!"

Wananchi walishangilia mpaka wengine wakaishiwa nguvu wakaketi.

*

Kazi ya kuisimamia sheria hiyo alipewa Koplo Mize Ussi, mwanamke wa makamo, mwembamba, asiyependa kelele. Alipelekwa kwenye kibanda cha nguzo kilichosimama majini katikati ya hori, akapewa kigoda, filimbi na fomu za makosa zenye nakala nne. Kipimo cha mwendo hakupewa. Kipimo kilikuwepo, tena kizuri, kilitolewa na wafadhili. Lakini kwa uzuri wake kilionekana kitaharibiwa na maji ya chumvi, kwa hiyo kiliwekwa ndani ya kabati la vioo kwenye ukumbi wa Wizara. Huko kilipima makarani. Wakati wa kwenda kula wote walizidisha mwendo; wakati wa kurudi hakuna aliyefikia nusu.

Mize alipiga filimbi siku tatu. Madereva walidhani anawashangilia, wakazidisha mwendo kumfurahisha.

Yeye hakuwa mtu wa kulia ovyo, lakini mwaka uliotangulia aliwahi kulia. Ndama wa kwanza wa yule jike aligongwa mbele ya macho yake, na mama yake alimsukuma juu kwa pua siku mbili nzima, akidhani mtoto amesahau kupumua. Mize ndiye aliyeingia majini kumtoa. Sasa jike yule alikuwa amezaa tena, na mtoto wa safari hii alikuwa na miezi minne, mwenye tabia ya kupanda juu kabla ya mama yake, kama watoto wote wasiojua dunia ina nini. Mize alijiapia kwamba huyu hatamtoa majini kwa mikono yake.

Siku ya nne alikuja Faki Bungala, dereva maarufu wa boti ya abiria iliyoandikwa ubavuni "Mtanikuta Huko". Faki alikuwa hodari wa mwendo kiasi kwamba abiria wake walivaa kofia wakashuka bila kofia. Mize, kwa kuchoka na filimbi, alifanya alichofanya maisha yake yote anapomwona mtu anapita.

"Hujambo, Faki?"

"Sijambo, dada!"

"U hali gani?"

"Salama!"

"Wa nyumbani hawajambo? Na mama, mguu wake?"

Boti ilikuwa imeshapita. Swali la mguu wa mama likabaki linaelea juu ya maji.

Sasa, katika nchi hiyo mtu anaweza kuiba mali ya umma akasamehewa angali anaiba. Lakini akiulizwa hali ya mama yake akapita bila kujibu, jina lake limeharibika hadi kwa wajukuu. Abiria walimgeukia Faki.

"Weye bwana, huna adabu? Mwenzio anakuuliza mguu wa mama!"

"Rudi umjibu. Sisi tutangoja."

Faki alirudi taratibu, uso chini. "Mguu umepoa, dada. Jana kaenda mwenyewe kisimani."

"Alhamdulillahi. Na shemeji?"

Hapo Mize akawa amepata kipimo chake. Alisimika vigingi viwili majini, kimoja upande wa juu wa kibanda na kimoja upande wa chini, umbali wa mita mia mbili. Salamu kamili ya watu wa hori, tangu hujambo mpaka kuagana, huchukua dakika moja na nusu kama watu wana heshima. Boti ikitoka kigingi cha kwanza hadi cha pili salamu haijaisha, imezidisha mwendo. Hakuhitaji fomu wala nakala nne. Alisalimia tu, na aliyemzidi umri alimwamkia kwa sauti ya kusikika, na boti zikatulia zenyewe, maana hakuna dereva aliyetaka kushuka gatini akiambiwa kwamba hana malezi.

Mwezi haukuisha, jike alirudi kula kwenye majani ya katikati na mwanawe ubavuni. Mize alimhesabia makovu mgongoni: matatu, yote ya zamani. Alifurahi hata akaanza kuimba peke yake kibandani.

*

Ubaya wa jambo linalofanikiwa ni kwamba Serikali husikia.

Mkurugenzi wa Mwendo, Bwana Shaibu, alifika na wajumbe kumi na wawili kujifunza. Alikuwa mtu mnene wa shingo, aliyezoea kuitikia kabla hajaulizwa. Alikaa nusu saa, akaona boti zinapita polepole, akahuzunika.

"Koplo, hii salamu ina kibali cha nani?"

"Salamu, bwana? Haina kibali. Ni salamu tu."

"Ndiyo hatari yake," alisema Shaibu, akaandika.

Baada ya wiki sita ulitoka Waraka wa Salamu ya Majini. Salamu ilipangwa kuwa na maswali kumi na manne, na kila moja lilipitishwa na kamati yake. Kamati ya Wakwe iligawanyika, upande mmoja ukitaka wakwe waulizwe kabla ya mifugo na upande mwingine baada, hadi akaletwa mpatanishi kutoka nchi jirani. Mheshimiwa Mawazo alizindua waraka huo kwa hotuba ndefu, akasema kwamba mataifa makubwa yana satelaiti, nasi tuna hujambo. Alimsifu mbuni wa mfumo huo, ambaye alikuwa yeye mwenyewe. Mize alikuwepo, nyuma kabisa, akishikilia mwavuli wa mtu.

Hayo yote hayakumuudhi. Maswali yalikuwa mengi zaidi, kwa hiyo boti zilienda polepole zaidi, na ndama alikuwa ananenepa.

Tatizo lilikuwa ndege. Ndege hazikuwa na habari ya wakwe. Waheshimiwa wawili walikosa mkutano wa kujadili mikutano. Mwingine alifika ughaibuni dhifa imeshaliwa. Bunge liliketi kwa dharura na likatoa Tamko la Marahaba ya Jumla, ambalo kifungu chake kikuu nakinukuu kama kilivyokuwa: "Salamu zote walizopewa, wanazopewa na watakazopewa viongozi zihesabiwe zimekwisha kupokelewa na kuitikiwa." Ili kuondoa utata, kila boti ya kiongozi ilifungwa ubao mbele, wenye maandishi mekundu makubwa: MARAHABA.

Boti ya kwanza yenye ubao ilipita Jumatatu saa mbili asubuhi. Mize alisimama. "Shikamoo, Mhe..." Wimbi lilimlowesha hadi kifuani, na ubao ukapotea kwenye kona.

Jumatano wafanyabiashara wakubwa nao walikuwa na ubao. Ijumaa walikuwa nao binamu zao. Wiki iliyofuata Faki Bungala alipita na ubao wa kwake, aliouandika mwenyewe kwa rangi ya mlango.

"Faki! Na wewe ni kiongozi?"

"Nampelekea samaki mpishi wa kiongozi, dada!" alipiga kelele, akapita.

Hori likarudi kunguruma. Mize alihesabu makovu ya jike: sasa yalikuwa manne, na la nne lilikuwa bichi. Alimwandikia Mkurugenzi barua, akaeleza kwamba ndama bado ananyonya na atanyonya mwaka mwingine mzima, na kwamba hali hii ikiendelea hatamaliza mwezi. Alijibiwa kwa heshima kubwa: barua yake ilihesabiwa imekwisha kupokelewa na kuitikiwa.

*

Siku ya Alhamisi, mwezi wa nane, Mheshimiwa Mawazo alialikwa ng'ambo kupokea tuzo ya Mlinzi Bora wa Nguva. Alichelewa kwa sababu ya kuchagua tai. Kwa hiyo msafara wa boti saba, zote zina MARAHABA, ulitoka gatini kwa mwendo ambao hata watu wa pwani waliokuwa wakinywa kahawa waliacha vikombe wakasimama kutazama.

Mize aliusikia kabla hajauona. Aligeuka upande wa majani. Ndama alikuwa katikati kabisa ya njia, juu, amelala ubavu anacheza na povu. Mama yake alikuwa chini yake akipanda taratibu.

Alipiga filimbi. Akapunga kitambaa. Akasalimia, maana hakujua kingine, "Shikamooni! Shikamooni waheshimiwa!" na mbao saba nyekundu zikamjibu kwa pamoja, zikimjia.

Hapo Koplo Mize akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifikiria. Aliivua kofia ya kazi, akajifunga kitambaa kiunoni, akaweka mikono miwili kichwani na kulia kwa sauti ya mwanamke aliyefiwa.

"Yarabi! Poleni jamani! Poleni na msiba!"

Tamko lilikuwa limepokea salamu zote za leo, jana na kesho. Pole halikuitaja. Na hakuna mtu katika nchi ile, awe waziri awe mwizi, anayesikia pole ya msiba akapita. Mikono ya madereva saba ilizima injini saba kabla vichwa vyao havijafikiri, na boti zikaja zikielea kimya, zikasimama hatua chache kutoka alipokuwa ndama.

"Msiba?" Mheshimiwa alikuwa amesimama, tai begani. "Msiba wa nani?"

Mize hakuwa na marehemu. Alitazama maji. Mama alikuwa amefika juu na alikuwa akimsukuma mwanawe pembeni kwa pua, bila haraka yoyote. Alihitaji dakika moja.

"Kwani, Mheshimiwa," alisema Mize, akifuta macho, "nyinyi hamjaambiwa?"

Mheshimiwa akamtazama Shaibu aliyekaa nyuma yake. Shaibu akawatazama wasaidizi. Wasaidizi wakatazama viatu. Kila mmoja aliona wazi kwamba amekufa mtu mkubwa, na kwamba yeye peke yake ndiye hakuambiwa.

"Tumeambiwa," alisema Shaibu haraka. "Tumeambiwa tangu alfajiri."

"Ndiyo, ndiyo," alisema Mheshimiwa, na sauti yake ikatetemeka vizuri. "Nimepokea habari hizi kwa mshtuko mkubwa. Nilikuwa naye juzi tu." Akainua mikono, na boti saba zikainua mikono, wakamwombea dua marehemu. Dua ilikuwa ndefu, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kushusha mikono. Nguva wawili wakapita chini ya boti ya mbele wakaingia kwenye majani.

*

Ndege ilikoswa. Bendera zilishushwa nusu mlingoti. Redio ilipiga nyimbo za huzuni na kutangaza kifo cha "mwenzetu mpendwa tunayemfahamu sote". Gazeti la Serikali lilichapisha wasifu wake kurasa mbili: alikuwa mchapakazi, hakuwa na makuu, aliipenda nchi yake na alijaliwa watoto kadhaa. Kiongozi wa upinzani alilalamika kwamba marehemu kwa kweli alikuwa upande wao. Zikatangazwa siku arubaini za maombolezo, na kwa kuwa injini haziungurumi msibani, boti zote horini zilipigwa kasia.

Kwa Mize zilikuwa siku tamu kuliko zote. Maji yalitulia hata akasikia ndama akinyonya.

Lakini msiba lazima uanuliwe tanga, na tanga haliwezi kuanuliwa bila jina. Siku ya thelathini na nane iliundwa Kamati ya Kumbaini Marehemu, mwenyekiti Mkurugenzi Shaibu. Walihesabu mawaziri, majaji na majenerali. Wote walikuwa hai, na wengine walikasirika walipoulizwa. Kamati haikukata tamaa; lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo laja. Wakamwita Koplo Mize.

"Koplo," alisema Shaibu, "wewe ndiye uliyetoa pole. Taja marehemu."

"Kama hayupo, bwana?"

"Kama hayupo, machozi ya Mheshimiwa yatakuwa batili. Tamko la kufuta maombolezo liko tayari, hili hapa. Hori litafunguliwa leo hii saa tisa, kwa mwendo wa kawaida, kufidia siku zilizopotea. Nawe utashtakiwa kwa kutoa pole isiyo na mwenyewe."

"Na akiwepo?"

Shaibu alipekua kitabu. "Inategemea cheo. Mfanyabiashara, tanga linaanuliwa, basi. Kiongozi, anapewa jina la barabara. Mtumishi wa umma aliyefia kazini..." Alivuta miwani. "Mahali alipofia panakuwa pa heshima daima. Vyombo vyote vinapita kwa mwendo wa jeneza, bila kujali cheo. Sheria ya zamani hii. Haijawahi kutumika, watumishi wetu hufia nyumbani."

"Kwa mwendo wa jeneza," alisema Mize. "Viongozi nao?"

"Mbele ya jeneza nani ni kiongozi?"

Mize alijaribu kwanza njia ya mkato. "Bwana, mwaka jana alikufa ndama wa nguva pale pale. Mwandikeni yeye."

Wajumbe walicheka kwa upole. Nguva hakuwa na kitambulisho.

Kutaja mtu mwingine aliye hai hakuweza. Ingekuwa ni kumwapiza. Akawaza miaka yake kumi na tisa kazini, cheo alichokaribia kupanda, sare iliyokuwa kwenye kamba ikikauka. Akaogopa, na sioni kwa nini nimfichie. Kisha akamwaza ndama anavyolala ubavu juu ya maji mchana kweupe.

"Andikeni," alisema. "Koplo Mize Ussi."

Kalamu zilisimama. Shaibu alimtazama, akatazama faili, akamtazama tena.

"Si ndiye wewe?"

"Alikuwa."

"Alifia kazini?"

"Kibandani, bwana. Siku ile ile."

"Yupo shahidi?"

"Mimi. Nilikuwepo mwanzo hadi mwisho."

Nuru ilianza kuenea usoni mwa Mkurugenzi. Marehemu, mahali, tarehe, shahidi: faili lilikuwa limejaa, halina hata nafasi ya kidole. Alimsogezea fomu. "Weka sahihi hapa kama shahidi. Pole sana, dada. Mlikuwa karibu?"

"Sana," alisema Mize, akatia sahihi.

*

Alasiri ile ujumbe wa Serikali ulifika kwa Bi Zuwena, mama yake Mize, na magunia ya mchele, turubai na viti sitini. Bi Zuwena alikuwa barazani akichambua choroko.

"Mama yetu," alisema Shaibu kwa sauti ya chini, "kazi ya Mungu haina makosa. Tumempoteza Mize."

"Mmempotezaje? Yuko jikoni anakuna nazi."

Wajumbe walitikisa vichwa kwa huruma. "Uchungu huo," mmoja alinong'ona. "Atazoea."

"Mize!" aliita Bi Zuwena. "Hebu njoo uwaone watu hawa!"

Mize alitoka na kifuu mkononi. Shaibu alimpisha apite, kwa adabu, macho yakiwa kwenye hotuba yake. Hotuba aliisoma yote, na ilipofika mahali pa "ametuachia pengo" mjumbe mmoja alilia machozi ya kweli, akamwomba Mize maji ya kunywa.

Ujumbe ulipokwenda kufunga turubai, Bi Zuwena alimvuta binti yake ndani.

"Jina lile nilikupa mimi. La nyanya yako. Umekwenda kuwapa watu waliandike kwenye karatasi ya wafu?"

"Nisamehe, mama."

"Nikusamehe! Mimi nimesikia 'marehemu Mize' kwa masikio yangu, ungali hai! Hata kama ni uongo, unajua lilivyonipita hapa?" Alijigonga kifuani, na machozi yakamtoka, naye Mize akalia, maana hakuwa amelifikiria hilo. Alikuwa amefikiria cheo na sare. Mama hakumfikiria.

"Ndama hajaacha kunyonya, mama," alisema mwishowe. Hakuwa na utetezi mwingine.

Bi Zuwena alichungulia dirishani. Nje majirani walishaanza kuingia, wameinamisha vichwa, wengine wakimpa Mize mwenyewe mkono wa pole.

"Mwaka mzima?" aliuliza.

"Mwaka mzima."

"Haya. Maliza nazi hiyo. Watu wamekuja msibani, hawawezi kuondoka na njaa." Akajipangusa macho, akatoka barazani kukaa mahali pa mfiwa.

*

Mshahara ulikatwa siku hiyo hiyo. Katika jambo hilo nchi ile haikuwahi kuchelewa. Sare ilirudishwa stoo. Kesho yake Mize alivaa gauni lake la buluu, akapiga kasia hadi kibandani, akaketi kwenye kigoda. Hakuna aliyemzuia. Kumhamisha mtumishi kulihitaji namba yake, na namba yake ilikuwa imefungwa.

Boti zilianza kupita kwa mwendo wa jeneza. Mbao za MARAHABA zilifunikwa vitambaa vyeusi, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumwambia maiti marahaba kabla hajaamkiwa. Faki Bungala alipofika aliweka kasia chini, akashika nguzo ya kibanda.

"Dada, mie nimechanganyikiwa. Nikuamkie au nikuombee dua?"

"Fanya vyote, Faki. Havigombani."

Faki alifanya vyote. Kisha akatoa bakuli la pweza wa nazi aliloagizwa na mama yake, yule wa mguu, akaliweka kibandani akisema ni sadaka ya kumrehemu. Mize alikula lote.

Siku ya kuanua tanga alipita Mheshimiwa Daktari Kitwana Mawazo mwenyewe, akienda kupokea tuzo yake, ambayo wafadhili walikuwa wamemwekea. Boti yake ilikuja polepole mpaka ukasikia maji yakilamba ubavu wake. Alikuwa amesimama mbele, kichwa wazi, na kamera mbili nyuma yake. Alisimama mkabala na kibanda, hatua tano kutoka alipoketi Mize, akazungumza na taifa.

"Hapa," alisema, "ndipo alipokuwa akikaa. Kila nilipopita alinisalimia, mvua na jua. Nilikuwa na haraka za kitaifa." Sauti ilimkwama, na safari hii, sijui kwa nini, haikuwa kwa ajili ya kamera. "Nasikitika kwamba sikuwahi kumwitikia."

"Bado hujachelewa, Mheshimiwa," alisema Mize.

Mheshimiwa aligeuka. Aliutazama uso wake vizuri, gauni la buluu, makombo ya pweza. Midomo ilimfunguka. Nyuma yake Shaibu alikuwa ameshika faili kifuani kwa mikono miwili, rangi imemtoka, akitikisa kichwa taratibu.

"Shaibu," Mheshimiwa aliuliza, bila kuondoa macho kwa Mize, "umesikia kitu?"

"Upepo, Mheshimiwa."

"Upepo," alikubali Mheshimiwa. Akavaa kofia yake.

Boti iliendelea na safari, kwa mwendo uleule. Nyuma yake, mahali ilipokuwa imesimama, ndama alitoa pua juu ya maji, akavuta pumzi, akazama tena kunyonya.